Bahari Kwenye Ukuta wa Chuo Chetu

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, pembeni mwa Kitale, upande wa Kipsongo. Kilikuwa na karakana mbili, madarasa matatu ya mabati, na uwanja ambao wanafunzi wa ujenzi walijenga kuta, wakazibomoa, kisha wakajenga tena kwa matofali yale yale. Mgeni aliyepita Jumatatu na kurudi Ijumaa angedhani tumepigwa na tetemeko. Mimi nilifundisha mawasiliano, yaani kuandika barua ya kuomba kazi, kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi, na kujibu maswali ya mwajiri bila kuangalia viatu vyako.

Nilipofika pale, ukuta wa karakana unaotazama lango ulikuwa na mistari mitatu ya rangi nyeusi:

HAPA TUNAFUNDISHA KUSHONA, KUJENGA NA KUCHOMELEA.
ANAYETAKA KUJIFUNZA, AINGIE.
HATATOKA MPAKA AJUE KAZI.

Waliouandika ni akina mama wa kanisa walioanzisha chuo, wengine wa jamii zilizotoka Mlima Kenya zikalima Trans-Nzoia, wengine wa huku kwetu Bungoma. Herufi zilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Mwanzoni niliona aibu kidogo kwa ajili ya ukuta ule. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na nilijua maneno makubwa kuliko hayo.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa ujenzi nitakayemwita Fundi, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa hata kabla hajawa fundi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Kipsongo, mama wa watoto. Kwa miaka mingi alifanya kibarua cha kubeba mawe na kuchanganya saruji kwenye majengo ya watu. Siku moja, aliniambia, alichoka kuchanganya saruji ili mwanaume fulani asimamishe ukuta na kuitwa fundi. Akaja mpaka langoni. Hakuweza kusoma ukuta, maana shule aliiacha darasa la tatu, kwa hiyo akamuuliza bawabu umeandikwa nini. Bawabu akamsomea. Aliposikia "aingie," akaingia.

Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana tulikaa wawili juu ya rundo la matofali, mkabala na ukuta, nikamfundisha kusoma. Ukuta ule ndio uliokuwa kitabu chake cha kwanza. Alisoma akinyoosha kidole hewani, silabi baada ya silabi, na kila neno lilipokamilika alisimama kulitazama, kama mtu aliyefungua mlango na anataka kujua nani yumo ndani. Hakukubali neno lipite hivi hivi. "Kushona" alilijua. "Kuchomelea" alilijua, aligeuka akatazama cheche kwenye karakana. Mimi nilisoma haraka, na nilidhani kusoma haraka ndiko kusoma.

Miaka hiyo maneno makubwa yalikuwa yamevamia kila ofisi. Ukienda posta unakuta maono na dhamira kwenye fremu. Ukienda hospitali, maono na dhamira. Pale Moi's Bridge niliona bucha ambayo maono yake yalikuwa kuongoza katika ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, na siku hiyo ilikuwa na mguu mmoja wa mbuzi. Chuo chetu nacho kiliomba kupandishwa daraja, na tukaambiwa wakaguzi wa wizara watakuja. Mkuu wa chuo, mtu mpole aliyependa mambo yawe sawasawa, akasema hatuwezi kukaguliwa chini ya ukuta wenye maandishi ya mbuzi. Tulihitaji dhamira.

Akaletwa mshauri. Tulikaa naye chumba cha walimu asubuhi nzima, walimu saba, chai na mkate. Alikuja na karatasi zilizochapwa kwa Kiingereza, akasema huu ni mfano tu, tuurekebishe uwe wetu. Tukabadilisha jina la chuo. Mmoja akasema tuongeze ubunifu. Mwingine akasema uadilifu usisahaulike. Mwalimu wa kuchomelea alisinzia. Kisha nikapewa kazi ya kuitafsiri kwa Kiswahili, ili wazazi nao waielewe. Niliifanya kwa siku mbili, na sitajificha: niliipenda. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu darasani:

"Kuwa kituo cha ubora cha kiwango cha kimataifa, kinachotoa mafunzo jumuishi na bunifu kwa wanafunzi wenye sifa stahiki, kwa kuzingatia uadilifu na matumizi endelevu ya rasilimali za ardhi na bahari, ili kuchochea mageuzi katika jamii."

Ilikuwa na mdundo. Mkuu alipiga makofi.

Wiki iliyofuata aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi yenye majina manne, la Fundi likiwa la kwanza. Wote wanne hawakuwa na cheti cha darasa la nane. Walitakiwa waondoke kabla wakaguzi hawajafika, na mimi, kama mwalimu aliyesimamia mambo ya wanafunzi, nilitakiwa kutia sahihi.

"Bwana Mkuu," nikasema, "huyu wa kwanza amebakisha muhula mmoja."

"Najua, madam. Hata mimi inaniuma. Lakini hii si mimi, ni dhamira. Inasema wanafunzi wenye sifa stahiki."

"Sifa stahiki ni zipi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ndiye uliandika? Wewe ndiye utuambie."

Nilikuwa nimechagua neno "stahiki" kwa sababu lilikaa vizuri baada ya "sifa." Niliomba nikae na karatasi ile siku chache. Akanipa mpaka Jumatatu.

Siku hiyo hiyo mchoraji wa mabango alikuwa kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa Bungoma kama mimi, mwenye mdomo usiopumzika. Alikwisha kupaka chokaa juu ya mistari ya akina mama, na sasa alikuwa anaandika dhamira yetu kwa rangi ya buluu, herufi nzuri zilizonyooka. Nilimkuta Fundi kwenye matofali yetu, kidole hewani. Kitabu chake kilikuwa kimefutwa, akaanza kusoma kipya. Hakuwa amejua bado kuhusu karatasi yenye majina manne. Mimi nilikuwa nayo kwenye mkoba.

"Ba. Ha. Ri." Akasimama kama kawaida yake. Kisha akanigeukia. "Madam, bahari?"

"Wapi?"

"Pale, karibu na mguu ya huyu wa rangi. Inasema ardhi na bahari. Ni bahari gani?"

Mchoraji akaangalia chini. "Mama, usinisimamishe, rangi inakauka. Mimi naandika kile kiko kwa karatasi. Wakiniambia simba, naandika simba."

"Si nauliza tu. Bahari iko wapi hapa Kitale? Ni mto Nzoia wanaita hivyo?"

Wenzake wa ujenzi walikuwa wamesogea. "Italetwa na lori," mmoja akasema. "Kama ile maji ya Kipsongo iliahidiwa."

"Ati chuo iko na samaki na sisi tunapewa maharagwe kila siku!"

"Madam, tutajenga gati ya meli, ama tuendelee na choo?"

Walicheka mpaka mchoraji akashikilia ngazi kwa mikono miwili. Mimi nilitoa karatasi yangu na kuitazama. Ilikuwamo. Rasilimali za ardhi na bahari. Mfano wa mshauri ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya chuo fulani cha Pwani, na sisi tulio karibu zaidi na ukungu wa milimani kuliko na chumvi tuliupokea na bahari yake yote. Walimu saba walikuwa wameupitia mara nne. Mimi nilikuwa nimeitafsiri bahari ile kwa mkono wangu, nikatafuta hata neno zuri la "rasilimali," wala haikunigusa. Aliyeiona ni mtu mmoja tu, na ni yule asiyejua kusoma haraka.

Fundi hakucheka sana. Alikuwa bado anaangalia ukuta. "Na ile ya kusema mtu aingie," akaniuliza taratibu, "wameipeleka wapi?"

Hapo nikamweleza kuhusu karatasi yenye majina manne. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Aliokota mwiko wake, akafuta saruji iliyokauka kwa kidole gumba. "Basi leo nimalize ile kona," akasema, akaenda uwanjani.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Bumula. Mama yangu alikuwa amefanya biashara ya mahindi Moi's Bridge kwa miaka mingi kabla ya kurudi shambani, na watu bado walimletea magunia awakagulie kabla ya kuuziana. Nilimkuta uani, gunia mbele yake, ameshika bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji ambacho huchomwa ubavuni mwa gunia ili kitoe punje za ndani. Nilimweleza yote, na bahari pia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Haya, mwalimu. Nisomee hiyo kitu."

Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Ni tamu," akasema. "Sasa inasema mtafanya nini?"

"Kutoa mafunzo ya ubora..."

"Kuna chuo inasema itatoa mafunzo mbaya?"

"Hakuna."

"Basi hapo hamjasema kitu. Ingine?"

"Ya kimataifa."

"Mmeenda taifa gani?"

Aliendelea hivyo, neno kwa neno, na kwa kila moja akichoma bambo kwenye gunia na kumwaga punje kiganjani, akizipuliza, akizitazama. Punje za juu zilikuwa nyeupe na nono. Zilizotoka katikati zilikuwa zimeoza. Hakunionyesha kwa makusudi, alikuwa anafanya kazi yake, na mwenye gunia alikuwa amesimama pale akijifanya kutazama kuku.

"Na ile ya zamani ilisemaje?" akaniuliza.

"Anayetaka kujifunza, aingie."

"Eeh. Hiyo sasa mtu anaweza kukushika nayo shati. Anakuja kwa lango anakwambia, nataka kujifunza, na wewe umeandika niingie. Utasema nini? Hii yenu mpya, mtu atakushika wapi?" Akamrudia mwenye gunia. "Na wewe, baba, hii mahindi peleka kwa ng'ombe."

Nimefundisha wanafunzi wengi tangu siku hiyo, na wengi wao huogopa maneno makubwa wakidhani woga wao ni ujinga. Ningependa msomaji wangu naye alichukue hili, maana ni rahisi na halihitaji shule. Ukikutana na sentensi nzito, usiinamishe kichwa. Iulize maswali mawili. La kwanza, je, yupo ambaye angeweza kusema kinyume chake? Kama hayupo, haijasema lolote. La pili, kesho asubuhi nikija mlangoni kwenu, nitaona nini kilichobadilika kwa sababu ya maneno haya? Kama aliyeyaandika hawezi kukujibu, kosa si lako. Na ukiwa wewe ndiye uliyeyaandika, kama mimi, usikae na aibu muda mrefu. Aibu haifuti ukuta. Chukua chokaa.

Jumatatu niliingia kikao cha walimu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ile yenye majina manne, bila sahihi yangu.

Mkuu alikuwa amekwisha kusikia habari ya bahari, chuo kizima kilikuwa kinamwamkia mchoraji "nahodha." "Hilo ni dogo," akasema haraka. "Tufute bahari, tuache ardhi. Tuendelee."

"Bwana Mkuu, nikikubali tufute bahari peke yake, tutabaki na maneno mengine ambayo hatujayasoma pia," nikasema. "Mniruhusu dakika chache. Kila mmoja wetu achukue neno moja, atuambie mwanafunzi wake ataona nini kesho."

Mwalimu wa ushonaji alipewa "jumuishi." Akafikiri. "Labda... cherehani zote zifanye kazi, watu wasingoje zamu?" Mwalimu wa kuchomelea alipewa "kiwango cha kimataifa." Akakuna kichwa. "Mimi naomba tu miwani, bana. Vijana wanachomelea wakiwa wamefumba macho." Watu wakacheka, lakini mkuu hakucheka. Alichukua kalamu akaandika: miwani. Nilijua tangu hapo kwamba si mtu mbaya. Alikuwa amekabidhiwa maneno na hakuna aliyempa ruhusa ya kuyauliza.

"Na wewe, madam?" akasema. "Una lipi?"

"'Sifa stahiki.' Nililiandika mimi, kwa hiyo nalirudisha mimi. Sikujua maana yake nilipoliandika, na sasa linataka kumfukuza mtu. Sitatia sahihi."

"Wakaguzi wakiuliza cheti?"

"Tuwaonyeshe kona aliyojenga."

"Wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa kitu walichokiona. Sisi tunataka kumkataa kabla hawajamwona."

Mkuu aliifunika kalamu yake. Nje tulisikia matofali yakigongwa. "Sitaondoa jina lolote leo," akasema mwishoni. "Lakini wakaguzi wakisimama hapa na kuuliza, madam, utajibu wewe."

"Nitajibu."

Karatasi yangu ya pili ilikuwa dhamira mpya. Ilikuwa mistari mitatu ya akina mama, na mmoja ulioongezwa: KILA ANAYECHOMELEA ATAKUWA NA MIWANI. Mchoraji alirudi akalalamika kwamba tumemharibia kazi yake nzuri kuliko zote, akapaka chokaa juu ya bahari, akaandika upya. "Haya ni mafupi," akasema. "Hata siwezi kuonyesha ujuzi."

Wakaguzi walikuja wawili, mwanaume na mwanamke. Walisimama mbele ya ukuta. Mwanaume akauliza kama hiyo ndiyo dhamira au ni tangazo. Mwanamke akasoma kwa utulivu, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Anayetaka kujifunza. Hata kama hana cheti?"

Mkuu alinitazama. Nilifungua mdomo, lakini alinitangulia. "Hata kama hana," akasema. "Mje mwone."

Fundi alikuwa uwanjani kwenye kona yake. Alituona tukija, kundi la watu wenye viatu safi, akashuka kwenye jukwaa, akajipangusa mikono kwenye aproni. Yule mkaguzi mwanamke hakumuuliza cheti wala umri. Alimwomba timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Fundi akampa. Mkaguzi akaishikilia juu ya ukuta, akaiachia ishuke, akangoja mpaka ilipoacha kuyumba. Uzi ulisimama sambamba na kona toka juu hadi chini. Akahamia upande wa pili, akafanya vilevile. Akainama akatazama viungo vya saruji, akapitisha kucha.

"Nani alikujengea huu?"

"Ni mimi, madam."

"Peke yako?"

"Hii kona ni yangu. Ile pale imepinda ni ya hawa vijana."

Vijana wakaguna. Mkaguzi akacheka, akamgeukia mkuu. Akasema mtihani wa serikali wa gredi ya tatu kwa mafundi hauulizi cheti cha darasa la nane, unauliza ukuta. Wote wanne waandikishwe kwa mtihani huo na wabaki chuoni, mradi tuweke orodha yao wazi na tusiwafiche mgeni anapokuja. Hatukupandishwa daraja mwaka huo. Tulikosa maktaba na vyoo vya kutosha, na hayo yalikuwa kweli. Lakini orodha ya majina manne nilimrudishia mkuu, naye akaichana mwenyewe.

Fundi alifaulu gredi yake. Vyoo vile vilivyotukosesha daraja alivijenga yeye, kama kazi yake ya kwanza ya kulipwa, na ni katika siku hizo za ujenzi niliposikia kelele langoni. Bawabu mpya alikuwa amemzuia msichana mmoja aliyekuja na mfuko wa plastiki mkononi. Akamwambia chuo hakichukui mtu bila karatasi. Fundi alikuwa karibu, mikono ina saruji. Hakubishana. Alimshika bawabu kiwiko, akamgeuza kuelekea karakana, akanyoosha kidole chake chenye saruji.

"Soma pale," akasema.

Bawabu akaanza kwa kigugumizi. Fundi hakumngoja. Alisoma mwenyewe mstari wa pili wote kwa pumzi moja, bila kusimama kwenye silabi yoyote, kisha akafungua lango.